WAGENI WA KASKAZI: NAMNA YA KUWAPIGA PICHA NDEGE WA PWANI BILA YA KUWADHURU

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.



Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, na wanafunzi wengi wamependa kupiga picha. Wengi hupiga picha za wenzao, za harusi na za Idi. Katika makala haya tunataka kuzungumzia picha za aina nyingine, nazo ni za ndege wa mwituni wanaokuja pwani yetu kila mwaka wakati nchi za kaskazini zimo katika baridi kali. Tutaeleza wanatoka wapi, wanakuja kufanya nini, na vipi mtu aweza kuwapiga picha nzuri na wao wakabaki salama. Mfano wetu utakuwa hori la Mida, maarufu kwa jina la Mida Creek, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi.

DINI INATUELEKEZA NINI?

Katika Sura ya Al-Mulk, aya ya 19, tunaelekezwa tuwatazame ndege walio juu yetu, jinsi wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, na kwamba hakuna awashikiliaye isipokuwa Mwingi wa Rehema. Na katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, tunafahamishwa kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Kwa hiyo kuwatazama ndege kwa mazingatio si upuuzi wala kupoteza wakati.

Vile vile imepokewa na Abu Daud kwamba sahaba fulani walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakachukua makinda mawili ya ndege. Mama yao akaja akawa anatandaza mbawa zake kwa uchungu. Mtume (S.A.W.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemsikitisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamrisha warejeshwe. Ndugu msomaji, izingatie hadithi hii. Sahaba hao hawakumuua ndege yule, lakini usumbufu wake peke yake ulitosha kuwa jambo la kukemewa. Hili ndilo tutakalolijenga katika makala haya yote.

Ama kuhusu hukumu ya picha zenyewe, wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akieleza kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli tu, si kuiga uumbaji, kwa hiyo akaijuzisha. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia aliona kuwa picha za viumbe vyenye roho hazifai isipokuwa kwa dharura na haja. Sisi hatutoi fatwa. Kila mwanafunzi amuulize mwalimu wake. Mwenye kufuata kauli ya pili bado ana nafasi kubwa katika somo hili, kwani anaweza kutazama, kuhesabu na kuandika bila ya kupiga picha hata moja.

WAGENI HAWA NI NANI?

Sisi watu wa pwani twazijua pepo mbili: kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kutoka Disemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Oman na Ghuba. Huku kwetu ni wakati wa joto. Lakini huko kaskazini ya dunia, miezi hiyo hiyo ni ya barafu na giza. Ardhi huganda, wadudu na minyoo hawapatikani, na ndege wakibaki hufa kwa njaa. Basi huanza safari mapema. Wa kwanza hutufikia mwezi wa Agosti, na wengi wao huwa wamekwisha kuondoka ifikapo katikati ya Mei. Baadhi ya wachanga hubaki mwaka mzima mpaka wapate nguvu.

Mida ni mahali pao kwa sababu moja kubwa. Hori hilo limezungukwa na mikoko, na maji yakipwa huacha uwanda mpana wa tope lililojaa kaa, minyoo na konokono wadogo. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS). Kati ya wageni wake tutawataja wanne.

Wa kwanza ni kitwitwi mdogo anayezaliana kaskazini kabisa ya Siberia. Mdomo wake ni mweusi na umepinda kidogo kuelekea chini. Uzito wake ni kama gramu 60 tu, yaani kama yai la kuku, na hata hivyo husafiri zaidi ya kilomita 8,000 kuja kwetu na kiasi hicho hicho kurudi. Wakati wa kaskazi huwa na rangi ya kijivu. Ifikapo Aprili, kabla ya kuondoka, kifua chake hugeuka chekundu kama tofali.

Wa pili ni sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama chombo cha kuchimbia chenye jina hilo hilo. Huyu ni hodari wa kuvuta kaa mashimoni.

Wa tatu ni kitwitwi wa mchangani anayetoka katika majangwa ya Asia ya Kati. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla, kisha hudonoa.

Wa nne ni mgeni ambaye wapiga picha wengi humfuata Mida. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Hapa tutamwita mla kaa. Yeye hatoki Siberia, bali huzaliana katika fukwe na visiwa vya upande wa Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia. Miongoni mwa ndege wa jamii yake wanaotembea matopeni, yeye ana ada ya pekee. Huchimba shimo refu mchangani akataga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Mtoto wake hulelewa muda mrefu, hata baada ya kufika huku kwetu utamwona kinda mwenye mgongo wa kijivu akimwandama mzazi wake akidai kulishwa. Picha ya mzazi akimpa mtoto kaa ni katika picha nzuri kabisa zinazopatikana Mida.

KWA NINI TUSIWARUSHE?

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mtu mwingi akimwona ndege humwendea. Ndege huruka, mtu humfuata tena, naye huruka tena. Mwishowe mtu hupata picha ya mkia, akarudi nyumbani akidhani hakuna lililoharibika. Kuna lililoharibika.

Ndege hawa hawafuati jua kama sisi, bali hufuata maji. Maji yakipwa hula, ikiwa mchana au usiku. Maji yakijaa tope hufunikwa, nao hukusanyika mahali pakavu au juu ya mikoko wakapumzika. Kwa hiyo saa za kula zimehesabiwa. Kila wanaporushwa hupoteza mara mbili: hupoteza wakati wa kula, na huchoma nguvu kwa kuruka. Miezi ya Machi na Aprili ndiyo mibaya zaidi kuwasumbua, kwa kuwa wakati huo wanajaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya kurudi. Mafuta hayo ndiyo petroli yao. Ndege aliyeondoka na akiba pungufu huenda asifike, na akifika amechoka huenda asipate nguvu za kutaga. Nasi tuliomrusha hatutajua kamwe, kwa sababu ataanguka mbali na macho yetu.

Hali ya ndege hawa si nzuri. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) lilimwingiza yule kitwitwi wa Siberia katika daraja la viumbe walio hatarini. Sababu ni nyingi: kufukiwa kwa fukwe, kuchafuliwa kwa maji, kuwindwa njiani, na kubadilika kwa hali ya hewa huko wanakozaliana. Hayo mengi hayako mikononi mwetu. Lakini utulivu wao wanapokuwa Mida umo mikononi mwetu.

JUA MAJI KABLA YA KUJUA KAMERA

Wengi huuliza ni kamera gani iliyo bora. Sisi tunasema swali la kwanza ni: maji yako wapi? Maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege huwa mbali katikati ya uwanda, na ukiwafuata utazama matopeni na wao wataruka. Maji yakijaa kabisa huwa wamekwenda kupumzika, na hapo hawafai kusumbuliwa. Wakati mzuri ni maji yanapojaa, kiasi cha saa 3 mpaka saa 1 kabla ya kufika kikomo chake. Maji huwasukuma ndege kidogo kidogo kuja ufukweni huku wakila. Ukiwa umekaa mahali pako kabla yao, watakuja wenyewe.

Mwanafunzi wa madrasa ana fadhila moja hapa: anaijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17. Siku hizo, katika pwani yetu, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 alasiri na alfajiri, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5. Maji mafu huja karibu na tarehe 8 na tarehe 22, na saa zake hugeuka: hujaa karibu na saa 4 na saa 5, na hupwa alasiri. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ndani ya hori nako huchelewa kidogo kuliko baharini. Mwenye kutaka uhakika atazame jedwali la maji linalotolewa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya, au awaulize wavuvi wa hapo, nao ni walimu wazuri.

Kutokana na hesabu hiyo utaona kwamba siku za bamvua picha hupigwa mchana wa kuelekea alasiri, na siku za maji mafu hupigwa asubuhi. Za asubuhi ndizo bora, kwani jua liko chini na mwanga ni laini. Kuanzia saa 4 jua hupanda, tope hufuka joto, na mazigazi hutikisa kila kitu kilicho mbali. Hapo hata kamera ya bei kubwa haitatoa picha iliyo wazi. Na siku za alasiri, sala isicheleweshwe kwa ajili ya picha. Maji yatajaa tena kesho.

NAMNA YA KUKAA NA KUPIGA

1. Fika mapema, chagua mahali penye jua nyuma yako, kisha kaa chini. Ndege humwogopa zaidi mtu aliyesimama. Tena picha iliyopigwa kutoka chini, sawa na jicho la ndege, hupendeza kuliko iliyopigwa kutoka juu.

2. Vaa nguo za rangi ya udongo au majani makavu, sio kanzu nyeupe wala fulana nyekundu. Usiseme kwa sauti, na usipunge mikono. Simu izimwe mlio.

3. Tumia kilichopo. Pale Mida kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko, mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia ndege. Fedha za viingilio zimesaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya hori na ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukiwa kibandani hukanyagi tope wala miche ya mikoko, na ndege hawakuoni.

4. Soma ishara za ndege. Akiwa anadonoa, yuko salama. Akiinua kichwa na kukutazama, simama hapo hapo. Akianza kutembea kujitenga nawe, au akitikisatikisa mwili, umekwisha kumkaribia mno. Rudi nyuma taratibu. Ukingoja mpaka aruke, umechelewa.

5. Kama una kamera yenye lenzi ndefu, weka kasi ya 1/500 ya sekunde kwa ndege anayetembea, na 1/1000 au zaidi kwa anayeruka. Elekeza shabaha kwenye jicho. Jicho likiwa wazi picha huwa hai, na likiwa na ukungu picha imekwisha hata kama manyoya yote yanaonekana.

6. Mla kaa ni mweupe, na jua la kaskazi ni kali. Kamera nyingi humfanya awe kama karatasi tupu isiyo na unyoya. Punguza mwanga kidogo kwa kile kitufe cha kuongeza na kupunguza. Katika simu nyingi, bonyeza juu ya ndege kisha vuta kidole kuelekea chini. Lengo ni kuona mistari ya manyoya meupe.

7. Kama una simu tu, usikate tamaa. Tafuta darubini ya kuazima, uifunge kwenye stendi ya miguu mitatu au uiegemeze juu ya mbao, kisha weka jicho la kamera ya simu kwenye kioo cha darubini unachotazamia. Sogeza taratibu mpaka duara jeusi lipungue. Kwa njia hii picha nzuri hupatikana bila ya kumkaribia ndege hata hatua moja. Kuvuta picha karibu kwa simu peke yake huiharibu.

8. Usitumie taa ya kamera, usipige sauti za ndege zilizorekodiwa ili kuwaita, na usiwarushie kitu ili waruke. Picha ya kundi likiruka ni nzuri, lakini ingoje iruhusiwe na ndege wenyewe. Kipanga akipita, au maji yakiwafikia miguuni, wataruka wenyewe.

9. Usiende peke yako, wala usitoke mbali kwenye tope maji yanapojaa. Mikondo ya hori hujaa nyuma ya mtu kabla hajajua. Ukirudi nyumbani ifute kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwani upepo wa kaskazi hubeba chumvi.

PICHA IWE NA MANUFAA

Picha isiyo na maelezo ni pambo tu. Andika tarehe, ya Kiislamu na ya miladi, mahali, saa, hali ya maji, na idadi ya ndege uliowaona. Tazama miguu yao. Baadhi yao wamevishwa pete na wataalamu, na picha iliyo wazi yaweza kusomeka namba au rangi zake, ikajulikana ndege huyo alivishwa wapi na lini. Maelezo kama haya hupokewa na mradi wa Kenya Bird Map, ambao huchora ramani ya ndege wa nchi nzima kutokana na taarifa za watu wa kawaida. Na kila mwezi wa Januari nchi nyingi duniani huhesabu ndege wa majini, kazi iliyoanza mwaka 1967. Wanafunzi wenye macho makali na mikono yenye kuandika vizuri wanahitajika katika kazi hiyo.

Ili tuone umuhimu wa jambo hili, tutaje ndugu mmoja wa sululu wetu. Palikuwa na aina ya sululu mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akizaliana Siberia na kupitisha majira ya baridi katika nchi za pembezoni mwa Bahari ya Kati. Katika miaka ya 1990 wachache wa mwisho walikuwa wakionekana Merja Zerga, ziwa la maji ya chumvi lililohifadhiwa nchini Morocco, na watu wakasafiri kwenda kuwatazama na kuwapiga picha. Mara ya mwisho kuonekana kwake bila ya shaka ni mwaka 1995. Wataalamu wakamtafuta kwa miaka, wasimpate. Mwaka 2025 ikatangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Leo aliyebaki ni picha zake tu.

Basi tusije tukawa watu wa kukusanya picha za waliokwisha. Kipimo cha mpiga picha mwema ni hiki: anapoondoka, ndege yuko pale pale alipomkuta, anakula. Akirudi na picha mbaya na ndege hakusumbuka, amefanya vyema. Akirudi na picha nzuri na kundi zima limerushwa mara tatu, amemla mgeni chakula chake. Na sisi watu wa pwani tunajulikana kwa kumkirimu mgeni, hatumnyang'anyi sahani mkononi.

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, kaskazi ikivuma tena, inshaallah, nendeni mkawatazame wageni hawa, pamoja na mwalimu au mzazi. Wafundisheni wadogo zenu waziweke chini manati, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Jifunzeni majina, hesabuni, andikeni, na mwenye kupiga picha apige kwa adabu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana aliyotupa, na awafikishe wasafiri hawa makwao salama na kuwarejesha kwetu mwaka ujao. Amin.

Wabillahi tawfiq.